Tope la Buluu Kwenye Kwato

Ermelinda Maestas hakuwa mtu wa kumtazama farasi usoni kabla hajamtazama miguuni. Muuzaji angeanza kusifu shingo, ukoo na mwendo, naye ameshainama zamani, ameukunja mguu wa mnyama juu ya goti lake na anakwangua kwato kwa kisu kifupi.

"Uso ni wa kupigia picha," alikuwa akisema. "Mimi nanunua miguu."

Kwa tabia hiyo alijijenga. Mtaji wake wa kwanza ulikuwa baghala kilema, chotara wa farasi na punda, mnyama pekee ambaye mumewe hakumchukua siku aliyoondoka na trela, matandiko yote na mwanamke wa mji wa Pueblo. Ermelinda alimtibu yule baghala, akambadilisha kwa farasi jike mwenye mimba, akamuuza mtoto na kubaki na mama. Tangu hapo hakuna mtu wa bonde la Piedra Parda aliyemuuzia mbuzi kwenye gunia. Aliyekuja kumweza alikuwa mmoja tu, na hakumwezea kwenye farasi.

Mtu huyo alikuwa Belarmino Gurule, kompadre wake. Ndiye aliyemshika Noelia, binti pekee wa Ermelinda, juu ya maji ya ubatizo, akawa padrino wake, baba wa ubatizo, na tangu siku ile wawili hao waliacha kuitana majina. Ikawa kompadre na komadre, mezani, sokoni na hata kwa simu. Katika bonde lile unaweza kununiana na ndugu yako wa tumbo moja miaka na miaka kwa sababu ya zamu ya mfereji, na watu wasishangae. Kompadre ni habari nyingine. Kompadre unamtania, unamwazima trekta, unamwita siku ya kuchinja. Humfanyii hesabu, naye hakufanyii.

Sasa, mwaka ule theluji iligoma. Milima ilipita majira ya baridi ikiwa na ukoga mweupe kichwani tu, na mfereji wa kijiji ukakauka mitofaa ikiwa bado na maua. Majani ya mifugo yakawa ya kutafutwa kama dawa. Ermelinda aliuza ndama wake wote mapema, kabla hawajabaki mifupa, akajipongeza kwa akili hiyo. Kisha akafungua friza na kukuta pilipili za kuchoma za mwaka juzi na mfuko mmoja wa mahindi. Ng'ombe wa kuchinja hakuwepo, na baridi ilikuwa njiani.

Ndipo bahati nasibu ya serikali ilipomkumbuka. Kila mwaka alikuwa akiomba kibali cha elki dume, na kila mwaka alikuwa akikosa. Safari hii alipata. Elki ni mnyama wa kimo cha farasi, pembe zake kama mti uliokatikakatika kwa radi, na dume mmoja aliyekomaa hulisha nyumba mpaka theluji iyeyuke. Kibali kilikuwa cha siku tano. Mwenye friza tupu hahesabu uwindaji kuwa ni mchezo. Ama angeshuka na nyama, ama angemaliza baridi kwa maharage na kuanza kuuza farasi wa kuzalishia, yaani kula mbegu yake mwenyewe.

Lakini hakuwa na wasiwasi sana, kwa sababu alikuwa na maji.

Mwaka wa ukame kumtafuta elki mlimani ni kutafuta anywapo. Mchana analala kwenye msitu mzito wa upande usiopigwa jua, na jioni anashuka kunywa. Mwaka wa mvua anakunywa popote, kwa hiyo hayupo popote. Ukame ukija, mlima mzima unabaki na vikombe viwili vitatu, na aliye na kikombe ndiye aliye na elki. Baba yake Ermelinda alimwonyesha kikombe chake: jicho la maji lililojificha chini ya misonobari, nyuma ya jabali lililopasuka, mahali ambapo mtu anaweza kupita karibu akiwa na farasi wake asilione. Lilikuwa halikauki. Tena lilitoka kwenye udongo wa mfinyanzi wa buluu, buluu kama shingo ya njiwa, udongo ambao haupo mahali pengine popote katika milima ile. Kwenye tawi juu ya jicho kilining'inia kikombe cha bati cha mzee, kimegeuzwa mdomo chini, ili kila anayekuja akikute kisafi.

Mtu mmoja tu aliwahi kuonyeshwa. Mwaka farasi dume alipomvunja Ermelinda goti, Belarmino alikwenda kuwinda kwa kibali chake mwenyewe ili nyama iwe ya komadre. Ermelinda alipanda naye juu ya baghala, mguu umefungwa vibao, akamwelekeza mpaka jabalini. Belarmino alipoyaona maji alivua kofia. Hakuna aliyeapa. Huko kwao maji ya kuonyeshwa yana sheria yake, na watoto wanaijua: hurudi pale bila aliyekuonyesha, humpeleki mtu mwingine, na kila mnyama unayemwangusha pale, mnofu wa mgongo, ule mlaini kuliko yote, unautundika barazani kwa mwenye maji.

Siku moja kabla ya kibali kuanza, Belarmino aliingia uani na pikapu yake, vumbi likimfuata kama mbwa.

"Komadre! Bado hujafa kwa njaa?"

"Nakusubiri wewe utangulie, nirithi trekta."

"Trekta haliwaki. Nakuachia mke wangu, huyo anawaka kila asubuhi."

Alicheka peke yake, akashusha turubai. Ndani mlikuwa na mguu mzima wa nyuma wa elki, ngozi imechunwa lakini kwato bado ipo, na pembeni kifurushi cha kitambaa cha mfuko wa unga.

"Mgeni wangu wa Texas," alisema. "Nampeleka kuwinda, mwezi huu nina wageni kama hoteli. Huyu ana kibali cha shamba la mtu. Kapiga dume kubwa kule uwanda wa mashariki, kwenye bwawa la ng'ombe. Yeye anataka pembe tu za kumringia shemeji yake. Nyama nikasema, hapana, hii ni ya komadre."

"Mungu akuzidishie, kompadre. Ingia, kuna kahawa."

"Naharakisha. Kesho unapanda wapi?"

"Unajua ninakopanda."

Belarmino akavuta ukingo wa kofia, akaitazama milima. "Mimi ningekuwa wewe nisingejichosha. Mwaka huu hata jicho la mzee litakuwa limekauka. Nenda kusini, kwenye makorongo ya Vallejo. Nimesikia wapo wengi."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu, komadre. Watu wanasema."

Akaondoka. Ermelinda alikifungua kifurushi, akauona mnofu wa mgongo wote, umekatwa vizuri, mkono wa mtu anayejua kisu. Alifurahi. Kisha akautazama tena. Mguu ni zawadi, sawa. Mnofu wa mgongo je? Ule humletei mtu kwa sababu umemkumbuka. Unamletea mwenye maji. Kama dume liliangukia kwenye bwawa la ng'ombe la mtu wa mashariki, mnofu ulitakiwa kuwa barazani kwa mtu wa mashariki.

Mikono yake ikafanya inachofanya siku zote. Iliinua mguu ule, ikaugeuza, kisu kikaingia katikati ya kwato. Nje kulikuwa na vumbi jekundu la barabarani. Ndani kabisa, mahali ambapo jua halifiki, kisu kilitoka na tope. Lilikuwa bado bichi, na lilikuwa la buluu.

Alikaa kwenye ngazi ya baraza muda mrefu akilisugua tope lile kati ya kidole na gumba. Alikuwa amedanganywa na wafanyabiashara wa farasi mara nyingi kiasi cha kuliona jambo hilo kama hali ya hewa. Kilichomkaa vibaya ni ule mnofu. Mdomo wa Belarmino ulidanganya bila kujikwaa, lakini mkono wake haukuthubutu kuivunja desturi. Alitaka kuiba, na bado ahesabiwe kuwa mtu mwema.

"Padrino kasema uende Vallejo?" Noelia aliuliza jioni aliporudi kutoka kazini zahanati, akikoroga maharage. "Basi nenda, mama. Yeye mlima anauishi."

"Ndiyo," alisema Ermelinda. "Naona anauishi."

Kesho yake alipanda kwenye jicho la mzee. Aliondoka na baghala kabla hapajapambazuka, maana asubuhi hewa ya mlima hushuka na ukipanda kutokea chini mnyama aliye juu hakunusi. Jua likishapata nguvu, hewa inageuka na kumpelekea harufu yako yote, na kazi imekwisha. Hewa aliiweza. Kelele zilimshinda. Majani ya mialoni yalikuwa yamekauka kiasi kwamba kila hatua ilikuwa kama mtu anayetafuna bisi kanisani. Alimfunga baghala mbali, akavua buti, akaendelea kwa soksi kama mwizi, kwenda kwenye maji ya baba yake.

Hakukuwa na elki. Jicho lilikuwa hai, linachuruzika kama kawaida. Kando yake pamesimamishwa kibanda cha matawi mabichi ya kujifichia, kimefungwa kwa kamba ya manjano kwa fundo la mzunguko mara mbili, fundo ambalo Belarmino hufungia kila kitu, mizigo, mageti, hata zawadi za Krismasi. Kwenye mti kulikuwa na kamera ya kuvizia wanyama. Makopo ya bia yalikuwa yamekanyagwa topeni. Na kikombe cha bati kilikuwa kimesimama juu ya jiwe, mdomo juu, nusu yake mate meusi ya tumbaku ya kutafuna.

Alikuwa bado anakiangalia aliposikia watu wanakuja. Hawakujaribu hata kunyamaza. Belarmino alitangulia, na nyuma yake mgeni mwingine, mwanamume mwekundu mwenye buti mpya, anahema.

Belarmino alipomwona alisimama. Uso wake ulipita kwenye sura tatu nne, mwisho ukachagua tabasamu.

"Komadre! Nilidhani upo Vallejo."

"Najua ulichodhani."

"Huyu mama ni nani?" mgeni aliuliza. "Amekuja kufanya usafi?"

"Nyamaza kidogo, bwana," alisema Belarmino, kisha akashusha sauti. "Komadre, nisikilize. Nina ng'ombe wanaokula uzio. Majani hayapo. Hawa watu wanalipa kabla hata hawajashuka kwenye gari. Ningefanyaje?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Sasa unaona?"

"Naona. Ulilijua jibu, ukaona ni rahisi zaidi usiulize."

"Mlima ni wa serikali!" Belarmino alianza kupata moto, kama wanavyofanya watu wenye makosa wakipata hoja moja ya kweli. "Jicho halina hati. Baba yako hakuliumba. Na mnofu nimekuletea au sikukuletea? Desturi nimeitimiza!"

"Umeitimiza," alisema Ermelinda. "Ukaniletea mnofu wa maji yangu, ukaniambia umetoka mashariki, kisha ukanielekeza kusini. Kama ungeninyima mnofu, ningekuita mwizi, tukagombana, tukapatana Krismasi. Lakini umeninunua kwa nyama yangu mwenyewe."

Mgeni alimuuliza Belarmino kama bado watawinda au vipi.

"Mwinde nini?" Ermelinda alimjibu yeye. "Jua limetoka, hewa inapanda, na mmekuja mnaongea kama mko harusini. Elki wa hapa walihama mlipompiga mwenzao kwenye maji. Umeshatoa pesa yako, bwana, basi kaa, ufaidi kivuli."

Alikimwaga kikombe, akakisugua kwa mchanga, akakisuuza na kukitia mfukoni. Hakukirudisha kwenye tawi.

Siku zilizofuata alizunguka mlima peke yake. Vumbi kavu ni shahidi mbaya: alama ya juzi na ya leo zinafanana, na kinyesi hukauka juu kabla mnyama hajafika mbali. Ilibidi akivunje kila kimoja atazame ndani kama bado kijani. Alilala kwa tortiya, zile chapati za mahindi, zikiwa baridi, na pilipili, goti lile la zamani likimsuta kila mteremko. Siku ya nne alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya farasi gani atamuuza kwanza.

Ndipo alipoona, juu ya mwamba mweupe kwenye ukingo wa magharibi, kigaga cha buluu, kikubwa kama kucha. Akainama. Mbele kidogo, kingine. Tope la jicho lilikuwa limekaukia kwenye kwato za kundi zima, na kila waliporuka jiwe lilibanduka kipande. Njia yote walikuwa wamemwachia alama.

Alifuata vigaga mpaka vikaisha, na vilipoisha hakuvihitaji tena, kwa kuwa aliona walikoelekea. Chini, mwisho wa ukingo, palikuwa na birika la kunyweshea mifugo, linajazwa na pampu ya kisima, na kando yake kishamba cha majani yenye ukijani kidogo. Malisho ya Belarmino Gurule. Mwaka mwingine wowote elki wasingethubutu kusogea: mbwa wake wawili walikuwa na midomo kama kengele. Lakini mwenye nyumba alikuwa mlimani na wageni wake, mbwa kawachukua kambini, na mke amekwenda kwa dada yake ili asiwapikie watu wa Texas. Pale palikuwa mahali pa kimya kuliko pote wilayani.

Ermelinda alikaa juu ya mwamba akalifikiria hilo bila kucheka. Ruhusa ya kuwinda kwenye malisho yale alikuwa nayo, imesainiwa tangu kiangazi kama kila mwaka, kompadre kwa komadre, na hakuna aliyewahi kuitumia maana hakujawahi kuwa na cha kuwinda. Mtu mwenye kiburi angeichana. Ermelinda alikuwa na friza tupu.

Siku ya mwisho, jua likizama na hewa imeanza kushuka, alilala nyuma ya uzio upande wa chini. Elki walikuja wakiwa wamejipanga, majike mbele, wanasita, wanasikiliza nyumba isiyo na mbwa. Dume lilikuja nyuma. Halikuwa kubwa, pembe zake zisingemringia shemeji yeyote, lakini lilikuwa na mgongo mpana na tumbo lililoshiba majani ya Belarmino. Risasi ilikuwa moja. Mnyama alipiga hatua chache, akapiga magoti kando ya birika kama aliyekuja kunywa tena.

Noelia alikuja na pikapu kumsaidia kupakia. Aliona ni malisho ya nani, akamtazama mama yake, akashika mguu na kunyanyua.

Kabla ya kuondoka, Ermelinda aliukata mnofu wa mgongo. Aliukata wote, hakubakiza hata kipande cha kuonja. Aliufunga kwenye kile kile kitambaa cha unga, ambacho alikuwa amekifua, akautundika barazani kwa Belarmino kwenye msumari wa taa.

"Mama, baada ya yale yote bado unampa mnofu?" aliuliza Noelia.

"Maji ni yake. Nikimnyima, nitakuwa nimebaki na kitu chake."

Siku ya tatu Belarmino alikuja. Safari hii vumbi lilikuwa dogo, aliendesha polepole. Alimkuta Ermelinda zizini, mguu wa farasi juu ya goti, kisu mkononi. Belarmino alivua kofia, kama alivyoivua siku ile mbele ya jicho.

"Nimeukuta mnofu, komadre," alisema. "Nilikaa nao mkononi, kwa kweli nilitaka kulia. Nikasema, huyu ni mwanamke. Sasa yamekwisha? Tumeelewana?"

"Tumelingana."

"Ee, tumelingana! Ndiyo maana yangu."

"Wewe ulikunywa kwangu, ukaleta mnofu. Mimi nimekunywa kwako, nimeleta mnofu. Sikudai, hunidai." Aliuteremsha mguu ule, akahamia mwingine. "Mimi nafanya biashara, najua. Nikimaliza hesabu na mtu mpaka sifuri, hana sababu ya kurudi uani kwangu. Wewe sikuwahi kukufanyia hesabu mpaka juzi, Bwana Gurule."

Belarmino alicheka kidogo, akingoja na yeye acheke. "Bwana Gurule? Unaniita kama mtu wa kodi."

Ermelinda alikwangua.

"Komadre. Nimembatiza mtoto wako."

"Noelia ataendelea kukuita padrino. Hilo ni lake, siwezi kulirudisha." Aliinua kwato kwenye mwanga, akaipuliza. "Uangalie mguu wa mbele wa baghala wako ukifika nyumbani. Niliwaona mkishuka mlimani. Anachechemea."

Belarmino alisimama pale, kofia ikizunguka mikononi. Kisha alirudi kwenye pikapu, akatoka nje, na mtu aliyezaliwa kwenye ufugaji, aliyewahi kumchapa mwanawe kwa kosa hilo hilo, aliliacha geti wazi.

Ermelinda alimaliza kwato ya nne. Ndipo akaenda kulifunga.